Msituletee tena maiki za boksi la kung'aa

Wandugu, leo naandika nikiwa na hasira, mnisamehe mapema. Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa maneno mengi. Kazi yangu iko nyuma ya watu: ninakaa kwenye mikisa, ninazungusha vifundo, wengine wanaimba. Lakini Jumamosi iliyopita nimeona kitu ambacho nimekiona mara nyingi sana hapa Kakuma, na nimechoka kunyamaza.

Dada mmoja wa kwetu alifanya mazoezi wiki tatu kwa wimbo aliotunga mwenyewe, kuhusu safari yao kutoka Fizi. Wageni walikuja, magari meupe yakajipanga, viti vya plastiki vikawekwa kivulini. Dada akapanda jukwaani, akapewa maiki ya wayalesi iliyotoka kwenye boksi jipya, bado ina ile nailoni. Mstari wa kwanza ulisikika. Wa pili ukasikika nusu. Wa tatu ukakatika kabisa, ukarudi, ukakatika tena. Yeye akaogopa, akaisogeza maiki mbali na mdomo. Mimi nikapandisha sauti kumfuata, na hapo spika zikapiga ule mluzi wa kutoboa masikio. Watoto wakacheka. Dada akamaliza wimbo akitazama chini.

Baadaye mgeni mmoja akasema, tena kwa upole kabisa, kwamba msichana ana kipaji ila sauti yake bado haijakomaa.

Bana! Huyo dada mimi namsikia kila Jumapili kanisani, bila maiki, bila spika, mpaka ukisimama nje kwenye tenki la maji unamsikia. Sauti yake ilikomaa zamani. Kitu ambacho hakijakomaa ni namna maiki zinavyonunuliwa.

Naanza na ninyi ndugu zetu wa mashirika, halafu nitarudi kwetu vijana, juu na sisi tuna makosa yetu makubwa.

Mnapenda sana neno "sauti". Sauti ya vijana, sauti ya wanawake, pazeni sauti. Liko kwenye mabango, kwenye fulana, kwenye ripoti. Sawa. Sasa niulize swali la fundi: hiyo sauti inapita wapi? Inapita kwenye kitu cha gramu 300 hivi ambacho mtu anakishika mkononi. Kama kitu hicho ni kibovu, mengine yote mliyolipia, jukwaa, hema, jenereta, chai ya wageni, yote yanapaza ubovu huo tu. Huwezi kuuondoa kwenye mikisa. Mimi naweza kupunguza besi, naweza kuongeza ukali kidogo, lakini neno ambalo maiki haikulichukua siwezi kulirudisha.

Na maiki zinachaguliwaje? Naeleza ninavyoona mimi. Mtu yuko ofisini Nairobi. Ana karatasi inayosema "mfumo wa muziki, seti 1". Anatafuta bei tatu, anachukua ya chini. Muuzaji anamwambia hii ina maiki nne za wayalesi, boksi moja, bei nzuri. Nne ni nyingi kuliko moja, sindiyo? Kwenye picha zinapendeza, hakuna waya za kukanyagwa. Boksi linapanda gari, linapita Kitale, linapita Lodwar, linafika hapa, tunapiga picha tukilipokea, tunapiga makofi. Mtu ambaye ataimba hakuulizwa hata mara moja. Na asingeweza kwenda mwenyewe kujaribu kwenye maduka ya Luthuli Avenue, juu kutoka kambini bila kibali cha kusafiri ni kutafuta kesi. Ninyi mna uwezo wa kufika dukani na sisi tuna masikio, lakini vitu hivyo viwili havijawahi kukutanishwa.

Ngoja nieleze ubaya wa zile wayalesi za bei ya chini, ili msiseme nalalamika tu.

Maiki ya wayalesi ni redio ndogo. Inarusha, na kile kisanduku chenye antena kinapokea. Zile za bei rahisi nyingi zina masafa yaliyofungwa kiwandani, huwezi kubadilisha. Kwa hiyo kama jirani ana seti ya aina ileile, au kuna redio nyingine karibu inayorusha hapohapo, mnagombana hewani. Sisi tumeshawahi kuwa na shindano la ngoma, na katikati ya ngoma mchungaji wa kanisa la upande wa pili akaanza kutangaza sadaka kwenye spika zetu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka, juu nilijua fedha imeishia hapo.

Halafu betri. Seti nyingi zinataka betri mbili kila maiki. Maiki nne ni betri nane, na betri rahisi za dukani zinaanza kuchoka kabla tamasha halijafika jioni. Maiki haizimi mara moja ukajua imekufa, inaanza kukatakata maneno. Nani ananunua betri nane kila wiki? Mradi ulinunua boksi, haukununua betri. Kwa hiyo baada ya miezi michache boksi linakuwa chini ya kitanda cha mwenyekiti wa kikundi, na mwaka unaofuata linaletwa boksi lingine.

Fedha ya boksi kama hilo, mkiipeleka kwenye maiki moja au mbili nzuri za waya, pamoja na kebo na stendi, mngekuwa mmetumaliza shida kwa miaka. Sisemi uongo. Shure SM58 ilianza kuuzwa mwaka 1966 na mpaka leo inatengenezwa, na umbo lake ni lilelile. Vijana wote mnaijua hata kama hamjui jina: ile yenye kichwa cha mviringo cha wavu, mwili wa kijivu cheusi. Haina betri. Sijalipwa na mtu kuisifu. Kuna Sennheiser e835, nayo ni nzuri, na kwa mfuko mdogo kabisa kuna Behringer XM8500 ambayo kwa bei yake inashangaza. Cha muhimu si jina, ni aina. Zote tatu ni dainamiki.

Dainamiki maana yake nini? Ndani kuna ngozi nyembamba iliyoshikana na koili ya waya, na koili imekaa kwenye sumaku. Ukiimba, ngozi inatikisika, koili inacheza ndani ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa. Basi. Sauti yako yenyewe ndiyo jenereta. Haihitaji umeme wa kuingia, haiogopi mtu anayepiga kelele, inavumilia kuanguka, inavumilia vumbi letu hili ambalo hata friji linaiua. Na ina uzito wa masikio: haisikii vizuri vitu vya mbali. Kwa studio hiyo ni aibu. Kwa jukwaa la Kakuma ni baraka, juu vitu vya mbali kwetu ni jenereta, upepo, pikipiki na watoto mia mbili.

Sasa nageukia kwetu.

Vijana wenzangu, hasa nyinyi wa rap na nyinyi mnaorekodi nyumbani. Mmoja wetu alikusanya fedha miezi mingi, zingine ni za mgao, mama yake hajui mpaka leo, akanunua kondensa kubwa ile ya kuning'inizwa, juu ameona msanii kwenye video ameimba mbele yake. Akaja nayo kwenye shoo. Nikamwambia kaka, hii ya kwako inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa, na mikisa yetu haina kitufe hicho. Akanuna. Tukaazima mikisa ya kanisa yenye kitufe. Ikawaka. Tulisikia kila kitu: ndege, mabati yakilia kwa joto, mtu akifungua soda kwenye mstari wa tatu. Nilipopandisha sauti yake tu kidogo, mluzi. Nikishusha, hasikiki. Shoo nzima ikawa hivyo.

Kondensa si mbaya. Zipo hata zilizotengenezwa kwa jukwaa, za kushika mkononi, na waimbaji wakubwa wanazitumia, juu zina usafi ambao dainamiki haina. Lakini hao wana jukwaa tulivu, wana vifaa vya kusikilizia vya masikioni, wana fundi watatu. Sisi tuna spika mbili zilizosimamishwa kwenye kreti za soda, na paa la mabati linalorudisha kila kitu. Usinunue maiki ya mtu mwingine kwa jukwaa lako.

Jambo la pili, na hapa nitagombana na marafiki. Kuishika maiki kichwani. Mnaifunika ile mviringo na kiganja, mnainamisha shingo, mnaona ni stailo. Jamani. Maiki hizi tunazotumia zinaitwa kadioidi: zinasikia mbele, na nyuma zinakuwa kama viziwi. Uziwi huo unatoka kwenye vitundu vilivyo nyuma ya wavu, sauti ikiingia kupitia hapo inajifuta yenyewe. Ukiviziba kwa mkono, umeiondolea maiki uziwi wake, inaanza kusikia pande zote pamoja na spika, na mluzi unakuja. Halafu mnageuka mnaniangalia mimi kwa jicho baya. Shika mwili wa maiki, acha kichwa kipumue.

Na umbali. Vidole viwili kutoka mdomoni, basi. Ukitoka sentimita 5 ukaenda 10, nguvu ya sauti inayofika imepungua karibu nusu. Ukienda 20, imebaki kama robo. Hiyo robo mimi nikitaka kuijaza lazima nifungue maiki mara nne, na nikifungua, spika nazo zinaingia. Ndiyo maana yule dada alipoogopa akaisogeza mbali, tulianguka wote wawili. Lakini naye kwa nini alaumiwe? Hakuwahi kushika maiki hata siku moja kabla ya siku ya wageni. Boksi lilikuwa limefungiwa ofisini lisiharibike.

Hilo nalirudia kwa mashirika: maiki inayofungiwa mpaka siku ya tamasha ni sawa na kumpa mtu baiskeli asubuhi ya mashindano. Mwimbaji anatakiwa aijue maiki kama mama anavyoijua sufuria yake. Ukiisogeza karibu sana, besi inapanda. Kwa dada mwenye sauti nyembamba hiyo ni zawadi, inampa kifua. Kwa kaka mwenye sauti nzito inakuwa matope, maneno hayaeleweki, huyo arudi nyuma kidogo. Mambo haya hayafundishwi kwa semina ya siku moja yenye chai na vyeti. Yanafundishwa na Jumanne na Alhamisi za kawaida, mazoezini, ukiwa na maiki ileile.

Kuchagua kwenyewe, basi. Watu wananiuliza inbox, nijibu hapa hapa.

Kwanza angalia mkia wa maiki. Kama ina vipini vitatu, ni ya kazi. Kama waya umetoka moja kwa moja mwilini na unaishia kwenye pini moja nene kama ya gitaa, hiyo ni ya karaoke, iache. Ile ya vipini vitatu inabeba sauti kwenye nyaya mbili zilizo kinyume, na uchafu wa umeme unaoingia njiani unafutwa ukifika kwenye mikisa. Kwetu ambako kebo inalala sambamba na waya za jenereta mita kumi au ishirini, tofauti utaisikia: moja kimya, nyingine inaunguruma muda wote kama nyuki.

Pili, kuna kadioidi na kuna superkadioidi. Wauzaji watakuambia super ni bora kwa sababu ya jina. Hiyo super inabana zaidi kwa mbele, ni kweli, lakini inasikia kidogo kwa nyuma kabisa. Spika ya kumsikilizisha mwimbaji ukiiweka nyuma ya maiki kama tulivyozoea, utapata mluzi. Inatakiwa ikae kwa pembeni nyuma. Kama kikundi chenu hakina mtu wa kuangalia mambo hayo, chukueni kadioidi ya kawaida. Hata mtu akigeuka hovyo inasamehe.

Tatu, feki. SM58 feki ni nyingi mno sokoni, kila mtu anaijua biashara hiyo. Ukiambiwa bei ya maajabu, ni maajabu kweli. Ishike mkononi: ya kweli ina uzito wake, nyingi za feki ni nyepesi kama kopo. Afadhali Behringer ya kweli kuliko Shure ya uongo.

Kitufe cha kuzima na kuwasha kwenye mwili wa maiki? Mimi binafsi sitaki. Nusu ya "maiki imekufa!" ninayoitiwa ni mtu amezima mwenyewe bila kujua.

Na mnunue kebo nzuri, jamani, kebo mbili, moja ya akiba. Maiki nyingi ninazoletewa zimekufa hazijafa. Kebo ndiyo imekatika shingoni.

Najua mtaniuliza wale wanaoimba wakicheza. Sawa, wapo, na kwao waya ni pingu. Nunueni wayalesi moja, ya maana, ya masafa ya kubadilisha, na betri za kuchaji pamoja na chaja yake. Moja. Si nne za kupigia picha.

Na najua pia swali lingine, hili linakuja kutoka kwa wazee wetu na nalichukua kwa heshima: mgao unapunguzwa, watu wanalala na njaa, wewe unaandika kuhusu maiki? Mzee, ngoja nikueleze kitu nilichoona kwa macho yangu. Ulifanyika mkutano wa kueleza mabadiliko ya mgao. Watu walikuwa wengi, chini ya jua. Mfumo ulikuwa uleule wa boksi. Ofisa aliongea akiwa karibu na spika, kwa maiki iliyokuwa na betri mpya, alisikika. Ikafika zamu ya maswali. Mama mmoja Mrundi, ana watoto sita, akasimama mbali, maiki ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwake. Akaanza kuuliza. Tukasikia "...watoto... kwa sababu... mwezi..." na mluzi. Akarudia. Ikakatika. Wa mbele wakasema mama, kaa, muda umeisha. Mkalimani hakutafsiri kitu juu hakusikia kitu. Sikuona mtu akiandika swali lake.

Mimi nilikuwa kwenye mikisa. Ningekuwa na maiki moja ya waya kwenye stendi, imewekwa mahali pamoja, watu wangejipanga nyuma yake mmoja mmoja, na yule mama angeuliza swali lake mpaka mwisho na angejibiwa au angenyimwa jibu mbele ya watu wote. Sasa hivi hata hakunyimwa, juu hakuna aliyesikia kwamba ameuliza. Mzee wangu, tusiitenganishe maiki na unga.

Kwa hiyo naomba vitu vitatu kwa mashirika, na sitaki semina. Kabla hamjanunua, muulizeni anayeimba na anayekaa kwenye mikisa. Kama hatuwezi kusafiri, mtuombee kibali mtu mmoja, siku tatu, au muazime maiki mbili mtuletee tujaribu hapahapa chini ya mabati yetu, si kwenye duka lenye zulia. Kwenye bajeti muandike kebo, stendi na sponji za akiba, si "seti 1". Na mkishanunua, funguo wakae nazo vijana. Itaharibika? Itaharibika kidogo. Wavu ukibonyea unabadilishwa.

Hiyo ya sponji si mzaha. Maiki moja inapita midomo thelathini kwa siku moja, na msimu wa mafua mnajua unavyokuwa. Kwenye zile za kweli kichwa kinafunguka kwa kuzungushwa. Toa sponji, ioshe kwa maji na sabuni kidogo, iache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Hapa kwetu jua linaikausha kabla hujamaliza chai. Nimefungua maiki moja mwezi uliopita, sitasema ya kwaya gani, nikakuta humo ndani ni udongo mtupu. Walikuwa wananiambia maiki imechoka. Nikaiosha, ikarudi kuimba.

Jumamosi hii saa nane mchana nitakuwa kwenye ukumbi wetu na vifaa vya kuchomelea waya. Leteni maiki zote mlizonazo, za waya, za wayalesi, zilizokufa, hata zile za chini ya kitanda, na kebo zake. Tutazijaribu moja moja kwa sauti moja, watu wasikilize wenyewe wakiwa wamefumba macho, tuone ipi ni ipi. Sauti ya kujaribia ni ya yule dada. Nilimwomba jana, akakataa, nikamwomba tena leo asubuhi, akasema atakuja ila mimi nisiguse kifundo chochote bila kumwambia. Nimekubali. Ndugu wa mashirika, na ninyi mnakaribishwa, viti vipo, mje na ile karatasi ya kununulia.